Kambi Iliyoanza kwa Uongo Wangu

Landhi ya Reli, Nakuru

Mwanangu Rispa,

Nimesoma daftari lako bila kuomba ruhusa. Uliliacha mezani ulipokwenda kuwaaga majirani, likiwa wazi kwenye ukurasa ule unaouandika tangu juzi, na mimi nilikuwa naondoa vikombe. Nilianza na mstari mmoja, nikamaliza ukurasa wote nimesimama. Nisamehe kwa hilo kwanza, maana kuna makubwa zaidi yanafuata.

Umeandika, kwa hati nzuri kuliko yangu: "Kambi yetu ya Agosti huko Molo ilianzishwa na baba yangu, Zakayo, mfanyakazi wa reli. Aliona kwamba sisi viziwi hatuna wenzetu wa kuzungumza nao, akatuhurumia, akatutafutia mahali." Najua maneno hayo ni ya nini. Shule hiyo mpya ya viziwi unayokwenda kusaidia imekuomba usimulie mwanzo wa kambi siku ya kufunguliwa, mbele ya wazazi na wageni. Wewe utasimama, mtu atayasoma maneno yako kwa sauti, na watu watampigia makofi mtu ambaye hajawahi kuwako duniani.

Mambo ya sanduku, sweta, na mahali pa kuweka tikiti, mama yako ameyamaliza. Amekuonyesha mara tatu. Hapo sina la kuongeza. Nimechoka, Rispa. Uchovu wa kazi naujua, ukilala unaisha. Huu mwingine ni wa kusifiwa kwa jambo ambalo sikulifanya, miaka mitano sasa, na kila Agosti mzigo unaongezwa. Mpaka kanisani wameniombea kwa jina. Nimeona niutue leo, kabla hujaupeleka mbele ya watu usiowajua.

Kazi yangu ya kupanga mabehewa unaijua. Tangu ukiwa mdogo uliniletea chakula cha mchana pale kwenye uzio wa waya wa uwanja wa mabehewa, ukasimama kunitazama mpaka nilipokufukuza urudi nyumbani. Dereva wa injini hanisikii na mimi simsikii. Kila kitu ni mikono. Mkono mmoja ukivutwa kifuani, njoo. Kiganja kikishuka taratibu, punguza mwendo. Ngumi mbili zikikutana, unganisha. Mikono yote miwili juu, simama hapo hapo ama mtu atakufa. Miaka kumi na minane nimeongea na watu wazima kwa namna hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeniita bubu.

Kisha nilikuwa narudi nyumbani, nakukuta unaongea kwa mikono, nakupiga.

Mwalimu wa misheni, yule bibi aliyewafundisha kusoma pale barazani kwake, alituambia wazazi kwamba mikono ikisema, mdomo hulala, na mtoto atabaki mnyama maisha yake yote. Hakusema tuwapige. Hilo nililiongeza mwenyewe. Watu wa kwetu tukipewa amri na mtu mwenye vitabu, huitimiza na kuipita. Nilikuwa nakufunga mikono kwa leso ya mama yako wakati wa kula, naweka bilauri ya maji mbele yako, nakungoja useme "maji". Siku nyingine ulisema kitu kilichofanana na maji, nikakupa. Siku nyingine ulikataa, ukaenda kulala na kiu. Ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilikwenda kulala nimeridhika kwamba ninalea.

Sijawahi kukuomba radhi kwa leso ile. Nakuomba sasa.

Lakini nilitaka kukueleza habari ya kambi. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu wakati watu wa upande wa Kakamega walipoleta ujumbe kwamba wanakuja kumposa dada yako Selina. Wangekaa kwetu wiki nzima, baba wa kijana, mama yake, na wazee wawili. Baba yako mdogo, Elam, alikuja mapema kunisaidia kujiandaa. Tulipiga chokaa ukuta. Tuliazima viti. Jioni moja Elam akakutazama ukiosha sufuria, akaniambia, "Na huyu je?"

"Huyu nini?"

"Kaka, usijifanye hujui. Hao watu wakimwona, watauliza kama Selina naye atawazalia bubu. Mwondoe kwanza. Wiki moja tu."

Ningependa kukuandikia kwamba nilikasirika, au hata kwamba nilifikiri siku mbili. Nilisema, "Nitampeleka Molo." Lilitoka upesi hivyo, kana kwamba lilikuwa limekaa mdomoni likingoja kuulizwa.

Mama yako alikuwa mlangoni, akasikia. Akasema, "Mtoto si sufuria yenye tundu, Zakayo, ati unaificha wageni wakija." Nilimwambia hajui mambo ya wanaume. Alinipikia chakula bila kuongea nami mpaka wageni walipofika, ndipo akaanza tena kwa sababu ya adabu.

Molo nilikuwa na rafiki mmoja, Mzee Kimutai, mpishi kwenye shamba la Mzungu mmoja mwenye maua ya pareto na ng'ombe wa maziwa. Mwaka ule huyo Mzungu alikuwa amekwenda kwao likizo, akamwachia Kimutai funguo. Kwa treni ingekuwa rahisi, mimi nasafiri bure, lakini stesheni nzima inanijua, na kila mtu angeuliza mtoto anakwenda wapi. Kwa hiyo nikakupandisha lori la viazi la Okech, lililokuwa linapanda tupu kwenda kuchukua mzigo.

Sikukueleza unakwenda wapi. Ningeweza. Selina angeweza kukueleza vizuri zaidi yangu, nanyi mlikuwa na njia zenu. Nilimkataza. Nilikufungia nguo kwenye kitambaa, nikakubeba nikakuweka juu kati ya magunia matupu, na ulipoona sipandi ulishika mkono wa koti langu. Nilifungua vidole vyako kimoja kimoja. Ulitoa ile sauti yako, "ba, ba," neno nililokufundisha kwa leso, na watu barabarani wakageuka. Nilimpigia Okech bodi ya gari aondoke.

Okech aliporudi alinitafuta uwanjani, hana rangi usoni. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, vizuizi kila mahali, na karibu na Njoro walisimamishwa. Askari kijana alipiga kelele watu wote washuke. Wewe ulikuwa umegeukia upande mwingine. Akapiga kelele tena. Akaelekeza bunduki kwenye mgongo wako.

"Mimi nashuka mbio nasema, hasikii, afande, hasikii!" Okech akaniambia. "Bahati akageuka. Akaona bunduki. Zakayo, huyo mtoto wako akainua mikono yote mbili juu hivi, sawa kabisa na vile wewe unasimamisha injini. Askari akacheka. Mimi nikakaa chini kwa barabara."

Nilimwambia Okech asimwambie mtu. Kisha nikarudi kupanga mabehewa, na siku ile nilikosea njia ya reli mara mbili. Mpaka leo sijui kama ulikuwa unasalimu amri au ulikuwa unamwambia yule askari asimame. Sijathubutu kukuuliza.

Wageni wakaja. Mambo yakaenda vizuri, wakala, wakaimba, wazee wakakubaliana, Selina akapendwa. Siku ya tano, tukiwa tumekaa nje, mama wa kijana, yule ambaye sasa ni mama mkwe wa Selina, akaniuliza bila kuzunguka, "Na huyo msichana mwingine yuko wapi? Tulisikia mko na mmoja hasikii."

Elam akakohoa. Mimi nikasema, "Eh?"

"Nimemletea gauni," akasema. Akalitoa kwenye kikapu, lile la maua ya bluu ulilolivaa mpaka likakatika kwapani. "Kwetu kaka yangu hasikii. Ndiye ametulimia tangu baba afe. Mtoto wake wa kiume pia hasikii. Ni watu wazuri sana, lakini yule mtoto yuko peke yake, hana mwenye kucheza naye. Nilitaka kuona huyu wenu."

Rispa, mtu mwingine angesema ukweli hapo. Mama yako alikuwa amesimama na birika, ananitazama, ananingoja. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nami nikasema: "Amekwenda kambi."

"Kambi gani?"

"Iko kambi huko Molo. Ya watoto kama yeye. Kila Agosti, shule zikifungwa, wanakaa pamoja, wanacheza, wanafundishana. Sisi watu wa reli ndio tuliianzisha."

Yule mama alifunika mdomo kwa mkono, na machozi yakamtoka. Akasema hajawahi kusikia jambo zuri kama hilo tangu azaliwe. Kisha akasema, "Basi Agosti ijayo nitamleta mtoto wa kaka yangu. Tutakuja na blanketi lake."

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Yangu ilikuwa na urefu wa kutoka Nakuru hadi Molo.

Walipoondoka, nilipanda treni kwenda kukuchukua. Nilikuwa nimejiandaa kukukuta umekonda, umelia, unaninyima macho. Kutoka stesheni nilitembea katika ukungu, baridi ile ya Agosti ambayo hata mbwa hawabweki, na njia nzima nilikuwa najipangia uso wa kukuonyesha. Mke wa Kimutai, Mama Chebet, alinikuta langoni. Aliniambia, "Wako kwa stoo ya pareto. Mimi nimeshindwa na wao, hawataki hata kula."

Wao? Nikauliza wao ni nani. Akaniambia kwamba siku uliyofika ulikaa nyuma ya jiko ukatazama ukuta. Siku ya pili alikumbuka mtoto wa mkamuaji mmoja, msichana kiziwi, akamwita akae nawe. Mama wa yule msichana alimjua mwingine katika shamba la jirani. Huyo naye alikuwa na ndugu wawili kama yeye. Kila mzazi alikuwa anadhani wake ni peke yake katika milima yote ile, kwa sababu kila mmoja alikuwa amemweka wake ndani. Mlikuwa watano.

Nilifika mlango wa stoo nikachungulia. Zile trei za kukaushia maua zilikuwa zimepangwa kama viti, na vumbi la pareto liko hewani, na ninyi mmekaa duara. Wewe ulikuwa umesimama katikati. Ulikuwa unasimulia. Sijui ulikuwa unasimulia nini, lakini wale wanne walikuwa wameacha midomo wazi, na mmoja alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko. Mikono yako ilikuwa inakwenda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Nami nikaanza kuokota kitu kimoja kimoja. Zile ngumi mbili zikakutana, na yule msichana wa mkamuaji akamshika mwenzake begani, nikaelewa maana yake ni marafiki. Kiganja kikashuka taratibu, wakatulia. Mkono ukavutwa kifuani, mmoja akainuka akaja.

Ilikuwa mikono yangu. Miaka yote ile ya kusimama kwenye waya na chakula changu, ulikuwa unajifunza kusema. Nami nilidhani umesimama tu.

Niliumia, mwanangu, na nilifurahi, na sikujua lipi lilitangulia. Nikapiga hatua moja ndani. Wewe ukaniona.

Ukaweka mikono nyuma.

Wale wengine walikutazama, wakanitazama mimi, nao wakaficha yao. Watoto watano mikono nyuma mbele yangu, na hakuna kati ya wale wanne niliyewahi kumgusa. Ulikuwa umeshawafundisha hilo pia, bila kutaka. Nimeona mambo kazini, nimeona mtu akikatwa mguu na behewa. Sijaona jambo lililonifanya nijichukie kama lile.

Nilipaswa kuongea nanyi hapo hapo. Badala yake nilikuonyesha lile gauni la bluu, ukalichukua, tukaenda stesheni, na katika treni ulilala begani kwangu kwa sababu ulikuwa mtoto na ulikuwa umechoka. Nilikaa bila kujitikisa mpaka Nakuru. Sikukupiga tena mikono baada ya siku ile. Najua si jambo la kujisifia mtu kuacha ubaya wake mwenyewe.

Yaliyofuata unayajua, ila hujui kwa nini nilikuwa nakimbia hivyo. Agosti ilikuwa inakuja na yule mama mkwe wa Selina alikuwa ameshaandika barua kwamba yule mtoto, Musa, ameshonewa kaptura. Ningefanya nini? Nilimwendea Kimutai nikamweleza yote. Alicheka mpaka akashika meza. "Wewe umejenga nyumba kwa mdomo," akasema, "sasa unataka mimi niweke paa." Lakini aliweka. Alimwomba yule Mzungu wake ile stoo kwa wiki tatu, kabla ya maua mapya kuingia. Mama Chebet ndiye aliyepika, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwaambia akina mama wawatoe watoto nje. Mama yako alishona magodoro ya magunia. Mwalimu wa misheni alileta dawa na mipira miwili, akataka pia watoto wafunge mikono darasani, na ni wewe, wala si mimi, uliyekwenda mbele yake na kutikisa kichwa. Mimi nilikuwa pale. Nilitazama viatu vyangu. Alipokaa siku tatu akiona mnavyosomeshana, aliacha mwenyewe kulitaja.

Mimi nilibeba mablanketi kutoka stesheni. Hiyo ndiyo kazi yangu yote katika kuanzisha kambi. Nilibeba vizuri, hilo naweza kusema.

Sasa nafika kwenye jambo linalonichosha kuliko mengine. Huenda unajua. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, hukuwa mjinga, na ulirudi ukakuta ukuta umepigwa chokaa na dada yako ana mchumba. Huenda Selina amekueleza zamani. Huenda umeandika ukurasa ule kwa kunihurumia mimi, ukanifanya baba ambaye ningependa kuwa ili nisione haya mbele ya watu. Kama ni hivyo, basi ni wewe umenificha mimi wageni wasinione. Sitaki ufanye hivyo. Kuna kiasi cha wema ambacho mtoto hapaswi kumfanyia mzazi.

Na kama hujui, basi ujue sasa, ungali na nafasi ya kufuta na kuandika upya. Sitakuambia uandike nini. Nilishakuambia mengi ya kusema katika maisha yako, na uliyoyasema vizuri ni yale niliyokukataza. Nakuambia tu kwamba siku ile ya kufunguliwa shule watakuwapo wazazi. Wengine watakuwa wamewaacha watoto nyumbani, nyuma ya jiko, na watakuwa wamewaambia majirani kwamba mtoto amekwenda kwa nyanya yake. Mzazi wa namna hiyo akisikia habari za Zakayo mwenye huruma, atasema moyoni, mimi si mtu kama yule, na atarudi alikotoka. Akisikia habari za mimi huyu, sijui atafanya nini. Labda atasikia haya. Haya nayo ina faida yake ikimpata mtu mapema. Mimi ilinipata nimechelewa, ikanifundisha uongo kwanza.

Nikitaja hofu yangu moja, ni kwamba utakuta huko wenye vitabu wanaofunga watoto mikono, nawe utakuwa msaidizi tu, mgeni, unayehitaji kazi. Utachoka. Kuna siku utatazama viatu vyako kama baba yako. Siku hiyo usijione umekuwa mimi. Mimi nilivitazama miaka mingi mfululizo.

Nilifikiri nikupe barua hii dirishani, gari la moshi likianza kwenda, kama watu wote wanavyofanya. Ungeisoma ukifika stesheni ya Londiani, nami ningekuwa nimeshasalimika. Kisha nikaona kwamba hiyo ni njia yangu ile ile, kumpandisha mtoto garini bila kumwambia kitu. Kwa hiyo nitakupa asubuhi, kabla ya chai, mkononi. Nitakaa mbele yako ukiisoma. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie nikiwa nimekaa pale. Useme kwa kasi yako yote, usinipunguzie. Nitaelewa nusu, na ile nusu nyingine nitakuomba urudie.

Gari ni la saa nne. Nimebadilishana zamu na mwenzangu, siendi kazini. Tuna asubuhi nzima.

Baba yako,
Zakayo